Hii ni Uongo Mtupu

Walikuwapo watu na nchi yao, au tuseme ilikuwapo nchi na watu wake, maana huko hapajawahi kujulikana vizuri nani ni mali ya nani. Jina la nchi hiyo silitaji. Si kwamba naogopa, ila limehifadhiwa. Huko kuna Sheria ya Kuhifadhi Majina Mema, iliyopitishwa bungeni kwa vigelegele, nayo inasema kila jina zuri ni mali ya Serikali. Ndiyo maana gereza kuu linaitwa Tumaini, hospitali isiyo na dawa inaitwa Afya Tele, na barabara iliyokwisha kumeza lori zima inaitwa Barabara ya Maendeleo. Watu wamezoea. Mtu akikuambia ndugu yake yuko Tumaini, unampa pole.

Bwana Karama Ndaro, muuza magodoro aliyeingiwa uzeeni na hamu ya kufungua kituo cha televisheni, alikumbana na sheria hiyo katika Ofisi ya Majina. Alikwenda amevaa suti. Karani hakuinua hata uso.

"Nataka kiitwe Ukweli," alisema Bwana Ndaro.

"Limechukuliwa."

"Basi Nuru."

"Limechukuliwa na shirika la umeme."

"Jirani Mwema?"

"Hilo ni la jeshi."

Bwana Ndaro akafuta jasho. "Sasa mwanangu, mnataka nikiite nini?"

"Baba, majina mema yamekwisha," karani alisema kwa huruma ya kiofisi. "Jaribu upande wa pili."

Ndipo mzee akakumbuka enzi zile nchi ilipokuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, cha Serikali, na kila Jumapili jioni, baada ya hotuba ya Mkuu wa Nchi, kilirusha mchezo wa kuchekesha ulioitwa Uongo Mtupu. Mambo yake yalikuwa yale yale kila wiki. Kinyozi mmoja, Fundi Chepe, huwanyoa wateja huku akiwapiga kamba: mara alimnyoa mfalme akamkata sikio wakacheka wote wawili, mara simba alimwomba ampunguze sharubu. Wateja wanameza kila neno. Kisha mkewe, Bi Zawena, anatokea uani na mwiko mkononi, anajishika kiuno na kusema, "Huu ni uongo mtupu!" Hapo wateja huinuka na kutawanyika, mwingine kanyolewa upande mmoja, na nchi nzima inacheka. Waigizaji walikwisha kufa kwa uzee, lakini ukiutaja mchezo ule mbele ya mtu mzima, uso wake unalainika.

"Uongo Mtupu, je?" aliuliza Bwana Ndaro.

Karani akatafuta, akatafuta tena. "Halijahifadhiwa," alisema. "Serikali ingelihifadhi ya nini?"

Msomaji wa habari aliyeajiriwa ni Sikudhani Mbwera, na huyu ndiye mwenye hadithi. Sikudhani alikuwa na sauti ya kutuliza na miguu isiyotulia. Juu ya meza, mbele ya kamera, ungedhani ametoka kuoga sasa hivi. Chini ya meza visigino vyake vilitwanga sakafu toka salamu hadi kwaheri. Siku ya kwanza aliitazama kamera akasema, "Huu ni Uongo Mtupu. Mimi ni Sikudhani." Watu majumbani wakajibu, "Wala sisi hatukudhani, mwanangu," wakasogeza sahani pembeni wakamsikiliza.

Walianza kumtazama ili wacheke, wakabaki kwa sababu nyingine. Waliona kwamba mtu anayekuambia mapema kuwa anaitwa Uongo Mtupu angalau hajifichi. Mitaani mazungumzo yakawa hivi: "Sukari inapanda bei, nimesikia kwenye Ukweli Halisi, televisheni ya Serikali." "Achana nao hao." "Na Uongo Mtupu nao wamesema." "Basi ni kweli."

Mawaziri ndio waliopata shida, na shida yao ilikuwa ya lugha. Jioni moja Sikudhani alisoma kwamba Waziri wa Fedha ameuambia Uongo Mtupu kuwa uchumi unakua. Jioni iliyofuata, kwamba maneno ya Mkuu wa Polisi yalikuwa ya kwanza kuwafikia wananchi kwa njia ya Uongo Mtupu. Hakukuwa na neno hata moja la kumshitakia. Kukifunga kituo kulishindikana, kwa sababu Mkuu wa Nchi mwenyewe alikuwa akikitazama chumbani, mlango ameufunga.

Basi jambo likapelekwa Baraza la Lugha. Wataalamu wakajifungia katika hoteli yenye bwawa la kuogelea hadi wakapata ufumbuzi, wakautangaza kwa tarumbeta: kuanzia siku hiyo Uongo Mtupu si uongo, ni televisheni, na kwa hiyo itafuata ngeli ya televisheni. Tutasema hii, yangu, nzuri. Ni marufuku mtu yeyote kutamka neno "huu" karibu na jina hilo. Sikudhani akawa anafungua habari kwa kusema, "Hii ni Uongo Mtupu," na kila akisema ulimi wake uliona haya.

Katika Baraza la Mawaziri ni mtu mmoja tu aliyepinga, Mheshimiwa Machano Tindwa, Waziri wa Maji. Si kwamba alikipenda kituo. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa sarufi, na kusikia "hii uongo" kulimuuma kama jino bovu. Alisimama mbele ya wenzake akasema, "Ndugu zangu, tuwapige watu, tuwafunge watu, lakini tusiguse upatanisho wa kisarufi!" Walimshinda kwa kura. Inasemekana alitoka nje kunawa uso.

Kisha mvua zikaanza, na hazikujua kunyamaza.

Juu ya mji mkuu kuna Bwawa la Umoja, na chini yake kabisa kuna mtaa wa Bondeni, alikozaliwa Sikudhani na ambako mama yake, Bi Somoe, alikuwa bado anaishi katika nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Ukuta wa bwawa ukapata ufa. Serikali haikulala. Ilituma ujumbe mzito, ukautazama ufa, ukaupaka rangi za bendera kutoka juu hadi chini. Toka hapo kuutazama ufa kwa jicho la mashaka kukawa ni kuidharau bendera. Shuleni nako ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ikasimamishwa kwa muda, mpaka mvua zipite.

Mhandisi wa bwawa, Kasimu Lwiza, alifika kituoni amelowa hadi mifupani, akamvuta Sikudhani pembeni ya mashine ya chai.

"Dada, ule ukuta hauna siku mbili," alisema. "Nimewaambia wakubwa, wamenihamishia Idara ya Maua. Watoe watu Bondeni."

Sikudhani hakumngoja amalize. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Ndaro, akakataa kiti. Mzee akamsikiliza huku akifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Wizara imekwisha kutuwahi, binti yangu. Habari za bwawa atazisema Waziri peke yake, kesho alasiri, hapa hapa kwetu. Kule kwao Ukweli Halisi hatazamwi na mtu. Mwingine akitamka neno bwawa, leseni imekwenda. Na wakitufunga, nani atawaambia watu mambo?"

"Na sasa tunawaambia nini, Bwana Ndaro?"

Mzee akairudia miwani. Sikudhani akatoka bila kuaga, na njia nzima hadi Bondeni alikuwa akitembea kama anayefukuzwa.

Alimkuta Bi Somoe anachambua mchele barazani, redio iko pembeni.

"Shikamoo mama. Vaa, tunaondoka."

"Marahaba. Tunaondoka kwenda wapi na mvua hii? Kaa. Mbona unahema?"

Sikudhani hakukaa. Alisema yote, ukuta, mhandisi, Idara ya Maua, huku akizunguka baraza kutoka nguzo hadi nguzo. Bi Somoe aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Serikali haiwezi kunyamaza watu tukafa," alisema mwishowe. "Kama kuna jambo, itasema."

"Mama, Serikali ndiyo iliyoupaka ufa rangi!"

"Na imeupaka vizuri. Siku, nisikilize. Kesho Waziri anazungumza. Akisema tuhame, nahama saa ile ile. Akisema tukae, nakaa. Mimi sihamishwi nyumba ya baba yako na maneno ya mashine ya chai."

Sikudhani akazunguka kwa majirani, mlango hadi mlango. Walimpokea vizuri, wakamkaribisha ndani, wakamuuliza kama kazini hawajambo. Alipomaliza kueleza, waliuliza jambo moja: "Umelisema kwenye televisheni?" Akasema hapana. "Basi mwanetu, likiwa habari tutalisikia." Bondeni nzima ilikuwa inamngojea Waziri. Sikudhani alisimama katikati ya uchochoro, maji yakipita juu ya viatu vyake, akatamani kupiga kelele, na hakujua apige kwa maneno gani.

Kesho yake Mheshimiwa Tindwa aliwasili na msafara. Mbele yake alitangulia ofisa wa Wizara, mwanamume mnene aliyevaa kaunda suti, ambaye alimwelekeza Sikudhani kazi yake kwa kidole. "Unamkaribisha. Unanyamaza. Mwisho unasema Hii ni Uongo Mtupu, kama sheria inavyotaka. Ukiongeza neno, utalimalizia Tumaini."

Waziri alikaa kwenye kiti cha kupakwa poda, uso umejikunja, akipitia hotuba yake bila hamu. Alikuwa mtu aliyechoka. Binti wa vipodozi akamwinamia na kusema, "Mheshimiwa, samahani, nikunyooshee nyusi hii."

Waziri akafungua macho. "Unyusi huu, binti yangu."

"Abee?"

"Unyusi huu, nyusi hizi. Ni ngeli ya U. Unyusi, ukuta, ufa, uongo, yote ni ndugu." Sauti yake ilikuwa imebadilika, mashavu yamepata damu, na mkono ulikuwa umenyanyuka hewani kutafuta chaki. Akamfanya binti arudie, akampongeza. Hotuba ilidondoka sakafuni wala hakuiangalia.

Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni. Aliliona lile, akaliweka moyoni.

Taa zikawaka. Akamkaribisha Waziri, akanyamaza, na Waziri akasoma.

"Ndugu wananchi! Bwawa ni nini? Bwawa ni maji yaliyokubali kutulia chini ya uongozi imara. Wapo wachochezi wanaosema ukuta una ufa. Serikali yenu sikivu imefanya uchunguzi wa kina na wa mapana, na imebaini kwamba ule si ufa. Ule ni upenyo wa kitaalamu, unaouwezesha ukuta kupumua. Nani kati yenu hahitaji hewa? Wakazi wa Bondeni, laleni usingizi. Pikeni, oeni, ozeni. Yeyote atakayehama atakuwa amelikosea adabu bwawa, na hatua zitachukuliwa."

Aliisoma yote kwa sauti ya mtu anayesoma bei za saruji. Nyuma ya kamera ofisa alikuwa akiitikia kwa kichwa. Sikudhani alimfikiria mama yake mbele ya televisheni ndogo, mikono mapajani, anamsikiliza Waziri kama anavyosikiliza mawaidha. Nyumba nzima ya baba yake ilikuwa inasubiri neno lake la mwisho, na neno lenyewe alikwisha kupangiwa. Aliogopa. Visigino vyake vikasimama, jambo ambalo halikuwahi kutokea hewani.

"Hii ni Uongo Mtupu," alisema. Kisha akamgeukia mgeni kwa heshima zote. "Mheshimiwa, kabla hujaondoka. Watoto wa shule wanatuandikia kila siku, na hapa hatuna mwalimu. Hivi hapo nimesema sahihi?"

Ofisa akaruka kutoka kitini akikata hewa kwa mikono. Waziri hakumwona. Alikuwa anamtazama Sikudhani kama mgonjwa anavyomtazama mtu aliyemletea maji.

"Umekosea," alisema taratibu. "Binti yangu, umekosea, na si kosa lako. Uongo hauwezi kuwa hii. Haijapata kuwa, tangu babu zetu. Tunasemaje?" Akainua mkono. "Huu. Huu ni uongo mtupu."

"Watoto wengine hawakusikia vizuri, Mheshimiwa."

"Huu ni uongo mtupu!" Mheshimiwa Tindwa alikuwa amesimama sasa, amefungua kifungo cha koti. "Wananchi, semeni pamoja nami, kila nyumba: huu, ni, uongo, mtupu!"

"Na mfano, Mheshimiwa? Walimu wetu walitufundisha kwamba kanuni bila mfano haikai."

"Walikufundisha vyema. Mfano." Alifumba macho kidogo, akatafuta sentensi iliyo karibu naye zaidi. "Waziri amewaambia watu wa Bondeni wasihame, na huu ni uongo mtupu. Sahihi kabisa! Hakuna wa kunikosoa hapo."

Alicheka. Watu wa studio waliapa baadaye kwamba alikuwa na meno mazuri, ila hakuna aliyewahi kuyaona. Hapo ndipo ofisa alipoufikia waya wa umeme na kuung'oa.

Sikudhani alifungiwa katika stoo ya kituo, akanyang'anywa simu, na ofisa akakaa naye kumlinda mpaka gari la kumpeleka Tumaini lije. Gari lilichelewa kwa sababu ya mvua. Chumba kilikuwa kidogo, na Sikudhani alikuwa akikipima kwa hatua, ukuta kwa ukuta, akigeuka, akianza tena. Jela hakuiwaza. Aliwaza kitu kimoja: mama ameinuka, au bado amekaa? Labda alicheka tu. Labda wote walicheka, wakaenda kupika. Jambo la kuchekesha halijawahi kumtoa mtu nyumbani kwake, alijiambia, na akajiona mjinga wa mwisho.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," alisema ofisa.

"Siwezi."

Mvua ilizidi kupiga bati. Baada ya muda ofisa akauliza, kwa sauti ya chini ambayo haikufanana na ile ya mwanzo, "Wewe unadhani wamemwelewa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Shangazi yangu yuko Bondeni. Ndiye aliyenilea." Na yeye akainuka. Wakawa wanapishana humo ndani, mmoja akienda, mwingine akirudi, mpaka jua likazama na ardhi ikanguruma chini ya miguu yao, mngurumo mrefu usio wa radi. Taa zikazimika mji mzima. Ofisa akafungua mlango mwenyewe, wakatoka mbio wote wawili, hakuna aliyekumbuka nani alikuwa amemkamata nani.

Mambo ya Bondeni Sikudhani alisimuliwa baadaye. Kwanza walicheka kweli, uchochoro hadi uchochoro, hata watoto waliimba. Kisha kicheko kikapungua, na mwanamke mmoja akasema dirishani, "Jamani, si kasema mwenyewe?" Mzee mmoja akaanza kuteremsha mabati yake. Waliofuata hawakungoja kuulizwa. Askari waliowekwa njiani kuwazuia waliambiwa, "Tunamtii Waziri, afande," na kwa kuwa hata wao walikuwa wameisikia hotuba, wakawapisha. Maji yalipofika yalikuta milango imefungwa na kuku wachache wakaidi. Nyumba zilikwenda zote. Watu hawakwenda.

Serikali, ambayo haishindwi na jambo, ilitangaza kwamba wananchi wameokolewa kwa mbinu ya kisarufi iliyobuniwa na Wizara. Mheshimiwa Tindwa alivishwa nishani asubuhi kwa kuokoa maisha, na alasiri akafukuzwa kazi kwa kutamka "huu". Alizipokea nishani na barua ya kufukuzwa, ila katika barua akasahihisha herufi moja. Na kwa kuwa ilionekana wazi kwamba hakuna jina linaloaminika nchini kuliko Uongo Mtupu, jina hilo nalo likahifadhiwa. Siku hizi ndilo linalosomeka juu ya jengo la televisheni ya Serikali, kwa herufi za kuwaka. Bwana Ndaro amerudi kwenye magodoro. Sikudhani hakupelekwa Tumaini, maana kumfunga kungekuwa kukiri kwamba ile mbinu ilikuwa yake. Aliambiwa tu apumzike, na kwa mtu wa namna yake hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

Watu wa Bondeni waliwekwa katika madarasa ya shule moja mlimani. Sikudhani alikwenda huko kila asubuhi na chupa ya uji. Mama yake alikuwa na godoro pembeni, chini ya ubao, amekaa wima kama mgeni asiyetaka kuzoea. Alikuwa hajasema lolote juu ya nyumba. Siku moja Sikudhani akashindwa kuvumilia.

"Mama, niambie. Ulicheka ulipomsikia?"

"Sikucheka."

"Basi ulielewa kwamba amekosea, kwamba amejisema mwenyewe?"

"Mimi hata sikuyasikiliza yale ya huu na hii. Hayo ya wasomi." Bi Somoe alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. "Nilikuwa namtazama uso. Alipokuwa akisema habari zetu sisi, tulale, tupike, uso wake ulikuwa umekufa. Ulipomuuliza lile neno, akafufuka. Nikasema, kumbe mtu huyu ana kitu anachokipenda, na si sisi. Nikafunga mlango."

Sikudhani akaketi ukingoni mwa godoro. Kwa mara ya pili maishani miguu yake ilikuwa imetulia.

"Na nimempigia kura miaka yote, mwanangu," alisema Bi Somoe. "Yeye na wenzake. Hata siku za mvua nilikwenda."

Nyumba ilipochukuliwa na maji hakulia. Sasa alilia, na Sikudhani akamshikia kikombe.